Misuli ya mzee aliyelazwa ICU: kipi kianze mapema, kipi kisubiri

Shuka likifunuliwa baada ya wiki mbili za ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, kitu cha kwanza ndugu wanachokiona ni miguu. Paja lililokuwa limejaa limebaki ngozi iliyolegea juu ya mfupa, na goti sasa ni nene kuliko paja lenyewe. Presha imetulia, homa imeshuka, mashine ya kupumulia imeondolewa, daktari anasema mgonjwa anaendelea vizuri. Lakini mzee akiambiwa anyanyue mguu, kisigino hakibanduki kwenye godoro.

Hapo maswali huanza kumiminika, na karibu yote ni ya kuchagua. Aketishwe au aachwe apumzike? Aongezewe chakula? Kile kibaiskeli cha kitandani kinasaidia kweli? Akitoka hapa aende nyumbani au wodi ya mazoezi ya tiba? Nafanya kazi ya fiziotherapia na wagonjwa wa aina hii, na kosa ninalolikuta mara nyingi ni la wakati. Njia yenyewe ni nzuri, ila imekuja mapema mno au imechelewa. Familia humaliza nguvu, pesa na ugomvi wote wiki ya kwanza, mwili ukiwa bado unaungua kwa ugonjwa. Mwezi wa pili, misuli ndiyo kwanza iko tayari kujengwa, kila mtu ameshachoka na mzee ameachwa kwenye kochi.

Misuli inakwenda wapi

Wezi wa misuli ni wawili na hawafanani, na uchaguzi mwingi hapa chini unategemea ni yupi aliyeko kazini.

Wa kwanza ni kulala tu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee 12 wenye afya njema, wastani wa miaka 67, waliokubali kukaa kitandani siku 10 mfululizo. Walikula, walizungumza, hawakuugua chochote. Walipoinuka, miguu yao ilikuwa imepoteza karibu kilo 1 ya nyama.

Wa pili ni ugonjwa wenyewe, na huyu ana haraka zaidi. Mwaka 2013 timu ya London iliwapima wagonjwa 63 wa ICU msuli wa mbele wa paja kwa ultrasaundi. Kufikia siku ya 10, msuli ule ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 18. Wagonjwa ambao kiungo kimoja tu kilikuwa kimeshindwa kazi walipoteza kama asilimia 3 katika wiki ya kwanza. Wale ambao viungo kadhaa vilishindwa kwa pamoja walipoteza karibu asilimia 16 kwa muda uleule, na wote walikuwa wamelala. Tofauti ilitokana na moto uliokuwa ukiwaka ndani: mwili ulioshambuliwa huvunja protini za misuli na kuzipeleka kwenye ini, kwenye kinga na kwenye majeraha, huku kazi ya kujenga misuli mipya ikikwama.

Msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu nao hausalimiki. Uchunguzi uliochapishwa 2008 kwa watu ambao ubongo ulikuwa umekufa ulikuta nyuzi za msuli huo zimenywea kwa zaidi ya nusu baada ya saa 18 hadi 69 za kufanyiwa kazi yote na mashine. Ndiyo maana mzee mwingine hupona nimonia lakini kumwondoa kwenye mashine kunachukua siku nyingi.

Kisha kuna umri. Nyuzi za misuli zinazopungua zaidi uzeeni ni zile za kasi, zinazomwinua mtu kwenye kiti na kumdaka anapojikwaa. Tena misuli ya mzee ni mizito wa kusikia: protini ileile inayomjenga kijana, kwake inajenga kidogo. Mtu wa miaka 40 akipoteza robo ya nguvu za miguu atapanda ngazi akihema. Mzee wa miaka 78 aliyekuwa tayari anainuka kwa kujisukuma na mikono, akipoteza robo hiyohiyo, hainuki.

Usingizi mzito au kuamshwa

Hapa sizunguki. Hali ikiruhusu, kupunguziwa dawa za usingizi kunashinda kulazwa fofofo, na kunashinda kwa mbali. Aliyelala fofofo hakazi msuli hata mmoja kwa hiari yake. Ziko sababu halali za kumlaza mtu usingizi mzito: mapafu yaliyoumia vibaya kiasi kwamba anapigana na mashine, jeraha la kichwa, degedege lisilokoma. Nje ya hizo, swali la kumuuliza daktari kila asubuhi ni fupi: leo dawa zimepunguzwa, na kama hazijapunguzwa ni kwa nini?

Najua ndugu wengi huomba kinyume chake. "Msimwamshe, atateseka." Mateso wanayoyaogopa mara nyingi ni maumivu na kuchanganyikiwa. Maumivu yana dawa zake ambazo hazimlazi mtu siku nzima, na kuchanganyikiwa huzidi kadiri usingizi wa dawa unavyokuwa mrefu.

Halafu mleteeni miwani yake. Na kifaa cha masikio kama anacho, betri ikiwa nzima. Naona ajabu kwamba watu husafiri mbali kutafuta virutubisho wakati miwani imebaki kwenye droo nyumbani. Utafiti wa Marekani uliowafuatilia watu wa miaka 70 na zaidi baada ya ICU, uliochapishwa 2016, ulikuta kwamba wenye matatizo ya kuona au kusikia ndio waliorudiwa na uwezo wao kwa shida zaidi. Mzee asiyeona uso wa anayemwambia "kaza mguu", wala asiyesikia anachoambiwa, hakazi.

Kunyooshwa, umeme, baiskeli, kuketi

Haya manne huwekwa kwenye kapu moja na kuitwa "mazoezi". Hayalingani.

Kunyooshwa viungo na mtu mwingine kunazuia kukakamaa, hasa kifundo cha mguu, ambacho kikikaa kimeelekea chini wiki tatu humfanya mtu asiweze kukanyaga kwa unyayo mzima. Ndugu anaweza kufundishwa na kulifanya vizuri. Lakini halijengi misuli, kwa sababu misuli haifanyi kazi. Lifanye, usilihesabu.

Umeme ni vibandiko vinavyowekwa pajani na kuufanya msuli ujikaze wenyewe. Kwa maelezo unavutia sana, hasa kwa mgonjwa asiyeweza kushirikiana kabisa. Majibu ya tafiti yamekuwa yakipingana, na kwa mgonjwa aliyevimba miguu, kama wengi wa ICU walivyo, mkazo hutoka hafifu mno. Ukipatikana pale wodini, sawa. Kuutafuta kwa gharama ya ziada, mimi nisingefanya hivyo.

Baiskeli ya kitandani, yaani pedali za kuzungushia miguu mtu akiwa amelala, ina historia ya kufundisha. Mwaka 2009 Wabelgiji walichapisha utafiti wa wagonjwa 90: waliopewa baiskeli walitembea mita 196 kwa dakika 6 siku ya kutoka hospitali, wasiopewa walitembea mita 143. Watu wakafurahi. Mwaka 2024 utafiti mkubwa zaidi wa wagonjwa 360, uliowagawa kwa bahati nasibu, haukuona tofauti ya utendaji wa mwili siku 3 baada ya kutoka ICU. Kwangu baiskeli ni daraja: inamfaa mgonjwa aliye macho ila bado hawezi kuketi, au mzito kiasi kwamba watu waliopo hawatoshi kumketisha salama. Akishaweza kuketi, iondoeni njiani.

Kuketi ukingoni mwa kitanda, nitakuonyesha kulivyo. Mama wa miaka 74, siku ya sita. Muuguzi ameshika mpira wa kupumulia pale unapotokea mdomoni, mwenzangu yuko nyuma ya mgongo, mimi nimepiga goti mbele. Tunahesabu hadi tatu. Miguu inateremka, nyayo zinagusa sakafu, kichwa kinaanguka mbele kama cha mtoto mchanga. Baada ya kama sekunde 10 kinanyanyuka. Jasho linamtoka juu ya mdomo. Mapigo ya moyo yanapanda kutoka 92 hadi 118, presha inashuka kidogo kisha inarudi. Dakika ya nne anatikisa kichwa: basi. Kwenye faili ni mstari mmoja, "ameketi ukingoni dakika 4". Kwa shingo, mgongo na mapaja yake, ilikuwa kazi nzito kuliko zote za wiki ile, na hakuna mashine inayoweza kumfanyia.

Sasa, aanze lini na kwa kiasi gani? Tafiti mbili hutajwa kila mara kana kwamba zinakanushana. Ya kwanza ni ya Marekani, mwaka 2009, wagonjwa 104 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Kundi moja lilianza mazoezi baada ya siku 1.5 hivi, dawa za usingizi zikisimamishwa kila siku. Kundi la pili lilingoja zaidi ya siku 7. Siku ya kutoka hospitali, asilimia 59 ya kundi la kwanza walikuwa wakijihudumia wenyewe, dhidi ya asilimia 35 ya kundi la pili, na siku za kuchanganyikiwa zilikuwa chache zaidi.

Ya pili iliongozwa na Waaustralia na ikatoka 2022, wagonjwa 750 katika nchi 6. Kundi moja lilisukumwa kufanya kazi nyingi iwezekanavyo kila siku, kama dakika 21. Jingine lilipata huduma ya kawaida, kama dakika 9. Baada ya siku 180 hapakuwa na tofauti ya siku ambazo watu walikuwa hai na nje ya hospitali. Matukio mabaya, kama moyo kupiga ovyo, presha kuyumba au oksijeni kushuka, yaliwapata asilimia 9.2 ya waliosukumwa na asilimia 4.1 ya wengine.

Zisome tena taratibu. Ile ya kwanza inalinganisha kuanza na kutoanza. Ile ya pili inalinganisha kiasi cha kawaida na kusukuma, na hata hilo kundi la kawaida lilikuwa likifanya mazoezi kila siku. Kwa hiyo nikiambiwa hospitali moja humketisha mzee dakika chache kila siku na nyingine inajisifu kwa programu kali ya kuwatembeza wagonjwa wakiwa na mipira mdomoni, kwa mzee wangu nachagua ya kwanza. Nikiambiwa ya tatu inasema "akipona kwanza ndipo tutaanza", hiyo ndiyo ninayoikimbia.

Na kuna siku ya kutomgusa kabisa: dawa za kupandisha presha zinaongezwa saa hadi saa, oksijeni anayohitaji iko juu sana, moyo unapiga bila mpangilio, anavuja damu, au ana mfupa uliovunjika ambao bado haujafungwa. Mtaalamu akikwambia "leo hapana" kwa sababu kama hizo, usimwone mvivu.

Chakula: kingi sasa au kidogo sasa

Hili ndilo linalozua ugomvi kuliko yote. Mtu amekonda, na akili ya kawaida inasema alishwe. Tafiti za karibuni zinasema subiri.

Tuanze na njia. Ikiwa tumbo linafanya kazi, chakula kupitia mpira wa puani kinashinda chakula cha dripu. Kinaanza kidogo kidogo ndani ya siku mbili za kwanza, presha ikishatulia. Kuhusu dripu, Wabelgiji waliwagawa wagonjwa 4,640 katika utafiti uliotoka 2011: wengine waliongezewa lishe ya mishipa ndani ya saa 48, wengine wakasubiri hadi siku ya 8. Waliosubiri walipata maambukizi machache na kupona haraka zaidi, na waliopimwa nguvu hawakuwa dhaifu kuliko wenzao, kinyume na matarajio ya wengi.

Kuhusu kiasi, mwaka 2023 Wafaransa walichapisha utafiti wa zaidi ya wagonjwa 3,000 waliokuwa kwenye mashine na presha imeanguka. Nusu yao walipewa chakula kidogo sana kwa wiki ya kwanza, nusu wakapewa kiwango cha kawaida. Vifo havikutofautiana, na waliopewa kidogo walikuwa tayari kutoka ICU mapema kidogo. Mwaka huohuo utafiti wa nchi 16, wagonjwa 1,300 hivi, ulilinganisha protini nyingi (gramu 2.2 au zaidi kwa kila kilo ya uzito kwa siku) na kiasi (gramu 1.2 au pungufu). Nyingi hazikumtoa mtu hospitalini mapema, na kwa ambao figo zilikuwa zimeshindwa zilionekana kudhuru. Mwaka 2024 utafiti wa Uholanzi na Ubelgiji ukakuta kwamba waliopewa protini nyingi walikuwa na maisha mabaya zaidi katika miezi 6 iliyofuata.

Ukirudi kwa yule mwizi wa pili utaona sababu. Mwili ulio katika moto hautengenezi misuli kwa protini unayoumwagia. Unaibadilisha kuwa mzigo kwa ini na figo. Pia mzee aliyekuwa hali vizuri kwa wiki kadhaa kabla ya kulazwa akijazwa chakula ghafla, madini ya damu, hasa fosfeti, yanaweza kuporomoka na moyo ukayumba.

Lakini moto ukishazima, mambo hugeuka, na hapa ndipo ninapoona uzembe mkubwa zaidi. Mzee amehamishiwa wodi ya kawaida, mpira wa puani umetolewa kwa furaha, na kuanzia siku ile anakula vijiko vinne kwa mlo bila mtu kuhesabu. Kwa mzee anayepona, kiwango kinachopendekezwa ni gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kilo kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa kama 8. Ukipiga hesabu ya vijiko vinne vya uji, utaona tumekwama wapi. Na kwa sababu misuli ya mzee ni mizito wa kusikia, ni afadhali kila mlo uwe na gramu 25 hadi 30 kuliko zote kurundikwa chakula cha jioni. Mwenye ugonjwa mkubwa wa figo ambaye hasafishwi damu, kiwango chake kipangwe na daktari.

Ukiniuliza mpira utolewe au ubaki mpaka atakapokula nusu ya anachohitaji kwa mdomo, nasema ubaki. Tena kabla ya kijiko cha kwanza, kumeza kupimwe. Aliyekaa na mpira wa kupumulia siku nyingi huweza kupaliwa bila hata kukohoa, na dalili pekee ikawa sauti ya majimaji kooni baada ya kunywa.

Sindano na vidonge

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na wauza vidonge vya misuli hawakosi. Homoni ya ukuaji ilijaribiwa kwa wagonjwa mahututi, na majaribio mawili yaliyochapishwa pamoja mwaka 1999 yalionyesha kwamba waliopewa walikufa kwa wingi zaidi, karibu mara mbili. Hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu awe na adabu. Hakuna dawa ya kujenga misuli ambayo leo hii ningemwambia mtu aidai ICU.

Akitoka: wodi ya tiba, nyumbani, au makao ya wazee

Madaktari huuliza kuhusu hili siku mbili kabla ya kumtoa, yaani wamechelewa. Anzeni kulizungumza siku anapotoka ICU.

Wodi ya mazoezi ya tiba inamfaa mzee anayeweza kufuata maelekezo, kuketi kwenye kiti angalau saa moja, na kustahimili mazoezi zaidi ya mara moja kwa siku. Faida yake kubwa ni kwamba kuna watu wa kumwinua wakati wowote na vifaa vipo. Hasara yake ni kwamba mgonjwa asiyestahimili huishia kulala huko vilevile, mbali na nyumbani, akichanganyikiwa kila machweo.

Nyumbani kunamfaa anayekula vizuri akiwa na watu wake na anayejua kila kona kwa mkono. Huko watu huinuka ili kufuata kitu: chai, mjukuu, mlango. Mazoezi ya namna hiyo hayana mshindani. Swali linaloamua ni moja: saa nane usiku akitaka kwenda chooni, nani anamwinua? Kama jibu ni "tutaona", hajawa wa nyumbani. Maana baada ya usiku wa tatu wa kutolala, mwenye kumhudumia ataanza kumvika nepi ili apumzike, na safari nane za chooni kwa siku, ambazo ndizo zilikuwa zoezi lake, zitakufa kimyakimya. Simlaumu mtu. Nasema tu hesabu ifanywe mapema.

Makao ya wazee yenye wauguzi ni njia ya kati. Yanafaa pale nyumbani hakuna mikono ya kutosha na mzee hajaweza kustahimili wodi ya tiba. Uliza mtaalamu wa mazoezi anakuja mara ngapi kwa wiki, na muhimu zaidi, uliza wakazi wanakula wakiwa wapi. Wanapokula kitandani, misuli haitarudi.

Usitarajie muujiza popote. Watafiti wa Scotland walijaribu kuongeza mazoezi na lishe kwa wagonjwa 240 wakiwa bado hospitalini baada ya ICU, matokeo yakatoka 2015. Uwezo wa kutembea kufikia miezi 3 haukutofautiana, ingawa waliopewa huduma hiyo waliridhika zaidi. Kati ya wazee wa ule utafiti wa Marekani wa 2016, nusu hivi ndio waliorudia uwezo wao wa awali ndani ya miezi 6. Na hata watu wa makamo: timu ya Toronto iliwafuatilia walionusurika na ugonjwa mkali wa mapafu, na baada ya miaka 5 walikuwa wakitembea kama robo tatu tu ya umbali unaotarajiwa kwa watu wa rika lao. Mishipa ya fahamu ikiwa nayo imeumia, safari ni ndefu zaidi kuliko misuli ikiumia peke yake.

Kutembea au mazoezi ya nguvu

Karibu kila familia huchagua kutembea. "Leo amezunguka nyumba mara mbili." Kutembea kunasaidia pumzi na moyo, kunafukuza unyonge, lakini kwa msuli wa paja ni kazi nyepesi isiyoulazimisha ukue. Kinachomzuia mzee kujitegemea kwa kawaida si umbali. Ni kule kuinuka.

Kwa hiyo mimi naanza na kiti. Kiti kigumu chenye mikono, kimeegemezwa ukutani, mto mmoja au miwili juu yake ili kiwe cha juu. Ainuke mara 5, apumzike hadi pumzi itulie, arudie mpaka awamu 3. Kushuka ndiko kwenye faida kubwa: ashuke akihesabu hadi nne, asijitupe. Akiweza hivyo bila kutumia mikono, toa mto mmoja. Siku 3 kwa wiki zinatosha, na mlo wenye protini ufuate baada ya zoezi. Kifua kikibana, kichwa kikizunguka au midomo ikibadilika rangi, aketi na daktari aambiwe.

Kipimo chenu ni kilekile. Hesabu sekunde za kuinuka mara 5 mfululizo mikono ikiwa kifuani. Zaidi ya sekunde 15 inahesabiwa kuwa nguvu bado ni ndogo. Andikeni kila Jumamosi. Wiki mbili bila nafuu yoyote, huku anakula na anafanya, ni sababu ya kurudi hospitali kuulizia mishipa ya fahamu, tezi, upungufu wa damu au sonona.

Ni mzee yupi

Yote niliyolinganisha hubadilika kulingana na alivyokuwa kabla ya kuugua. Mwaka 2005 Wakanada walitoa kipimo cha udhaifu wa uzee, ambacho sasa kina ngazi 1 hadi 9, na daktari mzuri atauliza: wiki mbili kabla hajaugua alikuwa anafanya nini? Alijinunulia mahitaji yake? Alioga mwenyewe? Jibuni ukweli, msimpambe. Aliyekuwa akilima bustani yake anastahili kupiganiwa mazoezi kila siku. Aliyekuwa tayari hatoki kitandani, kumsukuma kwenye programu ya kusimama kunaweza kuwa adhabu. Kwake ningechagua kuketi vizuri, kula kwa mkono wake, kutokuwa na vidonda vya mgongoni, na ningeliita hilo matibabu bila kuona haya.

Yule mama wa miaka 74 tulimuuliza siku alipopata sauti anataka nini. Wanawe walikuwa wakitaja ngazi za nyumba. Yeye alitaka kwenda chooni peke yake. Tukaacha ngazi, tukashika kiti. Wiki ya 11 alikwenda kwa mkongojo, binti yake amesimama koridoni anajifanya anakunja nguo, mlango umeachwa wazi kidogo.